Kandambili za Mbwa

Madereva ndio waliompa jina la Mama Risiti, na kwa muda mrefu walilitumia nyuma ya mgongo wake tu, mpaka siku mmoja wao alipoteleza ulimi akamwita hivyo uso kwa uso. Yeye akaitika "Naam," akaendelea kuhesabu kuponi za petroli. Basi likawa jina. Hata mlinzi wa getini, mgeni akiulizia meneja wa uendeshaji na fedha, lazima afikirie kidogo ndipo akumbuke kwamba anayeulizwa ni yule yule.

Mradi ulikuwa na kazi moja: kuumaliza mnyoo, usibaki hata mmoja. Asiyeujua mnyoo huu ashukuru. Mtu anakunywa maji ya bwawa yenye vijidudu asivyoviona, anakaa mwaka mzima hana habari, halafu siku moja mguu unaanza kuwaka moto, lengelenge linavimba, linapasuka, na ndani yake kinachungulia kitu cheupe kama uzi wa kushonea viatu. Urefu wake karibu mita moja. Ukitumbukiza mguu majini upoe, mnyoo nao unamwaga vitoto vyake humo, na mwaka unaofuata wanaugua wengine. Chanjo hakuna. Kidonge hakuna. Kuna kumweka mgonjwa mbali na maji, kuchuja maji kwa kitambaa, kutia dawa bwawani, na kuwafunga mbwa wa vijiji vya jirani na bwawa, maana mbwa naye huupata na mbwa hakatazwi kuoga.

Madaktari ndio wanaopigwa picha katika kazi ya namna hii. Lakini kitambaa hakitembei chenyewe kutoka stoo hadi kijijini, wala pikipiki haiendi kwa maombi. Kulikuwa na wahudumu wa kujitolea mia mbili na kumi na wawili wanaosubiri posho, pikipiki kumi na nane zinazokula matairi bila huruma, na stoo moja ya dawa yenye ufunguo mmoja. Yote hayo yalipitia kwenye meza ya Mama Risiti, katika chumba cha nyuma kinachonuka petroli na karatasi, na funguo za pikipiki zimening'inia kwenye misumari ukutani.

Na kulikuwa na posho ya mbwa. Mwenye mbwa akikubali kumfunga mbwa wake kwa mnyororo miezi ya joto, mradi unamlipia chakula cha huyo mbwa. Mkaguzi wa hesabu alipokuja kutoka makao makuu kwa mara ya kwanza, alishusha miwani mpaka kwenye ncha ya pua.

"Mama, hapa naona mbwa arobaini na watatu wanalipwa posho."

"Ndiyo."

"Na wamesaini?"

"Wamesaini wenye mbwa. Mbwa wenyewe hawajasoma."

Mkaguzi hakucheka. Lakini hakupata kosa hata moja, na hilo ndilo lililomuuma.

Sheria yake ilikuwa fupi. Hakuna risiti, hakuna pesa. Mkurugenzi mwenyewe, daktari mzima na tai yake, aliwahi kunyimwa fedha za soda za mkutano kwa kukosa kipande cha karatasi, akaishia kuzilipa mfukoni. "Ukitia upepo kwenye tairi," aliwaambia wasimamizi wa kanda kila wanapokuja kuchukua fedha, "niletee risiti ya upepo." Walicheka, halafu wakaleta risiti za upepo. Msimamizi wa kanda ya bwawa, aliyekuwa zamani fundi baiskeli na ambaye wote walimwita Minyororo kwa sababu ya mbwa anaowafunga, aliwahi kukatwa mshahara kwa ajili ya misumari ya robo kilo. Aliapa mbele ya wenzake kwamba haitatokea tena, hata afe. Alikuwa mtu mpole, na viapo vyake huwa anavitimiza.

Nyumbani Mama Risiti aliishi na dada yake mkubwa. Wote wawili walikuwa wajane, na wote wawili walikuwa wabishi, kwa hiyo nyumba haikupoa. Dada alitembea na fimbo tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Goti lake la kushoto halikunjiki. Ulikuwa mnyoo, na baba yao ndiye aliyeutoa: aliushika akauvuta kwa nguvu, ukakatika, kipande kikabaki ndani, mguu ukaoza miezi minne na goti likaganda moja kwa moja. Mama Risiti alikuwa na miaka minane siku ile. Alishikilia taa. Hakupenda kulizungumza jambo hilo na hakuna aliyemlazimisha.

Kila tarehe ya mwisho wa mwezi, akiingia tu mlangoni kabla hata ya kuvua viatu, dada alimuuliza swali moja.

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Haya, kanawe mikono."

Sifuri hizo zilikuwa zimefika thelathini na moja. Zikifika thelathini na sita mfululizo, wakubwa wangekuja kuhakiki, na nchi ingepewa cheti kwamba mnyoo umekwisha. Ukitokea hata mmoja katikati, kuhesabu kunaanza upya. Mama Risiti alibakiwa na miezi kumi na minne kabla ya kustaafu. Kwa hesabu yake, na hesabu zake hazikosei, cheti kingetoka yeye bado yumo kazini, na angekuwa na haki ya kualika mgeni mmoja kwenye sherehe. Dada alikwisha nunua kitambaa cha gauni, cha kijani, ghali kupita kiasi. "Nitakaa mbele," alisema. "Na mguu nitaunyoosha mbele yao wote. Atakayejikwaa shauri yake." Jambo hilo moja Mama Risiti alilitaka maishani kuliko pensheni yenyewe.

Sasa, bahasha ya kanda ya bwawa ilifika Jumatatu, wiki ya mwisho ya mwezi wa thelathini na mbili. Juu yake fomu ya wagonjwa, sifuri. Chini yake risiti za mbwa. Alizipitia kwa kasi yake ya kawaida: unga wa mahindi, mifupa, unga, kufuli la mnyororo, unga. Kisha mbwa namba kumi na saba. Sabuni, vipande viwili. Bandeji, roli sita. Kandambili, pea moja, saizi ya kati.

Alicheka kwa sauti mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

"Kuna nini, mama?"

"Kuna mbwa kanunuliwa kandambili."

"Pea moja tu? Na miguu minne yote hiyo?"

Karani aliondoka akicheka. Yeye alibaki na ile risiti mkononi, na kicheko kikamwishia taratibu. Mwizi angeandika unga. Ndicho kitu cha kwanza alichokiwaza, maana wezi amewajua wengi, na hakuna mwizi duniani mwenye akili timamu anayeandika kandambili kwenye kifungu cha mbwa. Aliyeandika hivi amenunua kandambili kweli, na anaogopa kudanganya kwenye risiti. Sabuni, bandeji, kandambili. Nani anahitaji vitu hivyo vitatu kwa pamoja? Alilijua jibu tangu akiwa na miaka minane.

Kesho yake asubuhi alichukua gari na dereva, akaenda kanda ya bwawa bila kupiga simu. Mwendo wa saa nne, nusu yake mashimo. Walimkuta Minyororo uani kwake na ndoo mkononi. Alipomwona anayeshuka garini, ndoo ilimponyoka na maji yakamwagikia miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbwa namba kumi na saba yuko wapi?"

"Alikufa, mama. Miezi miwili sasa."

"Pole. Na kandambili anavaa nani?"

Minyororo alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, mtu mzima na ndevu zake, akasimama hivyo hivyo katikati ya uwanja. Alipoongea aliongea kutokea nyuma ya vidole.

"Nilijua utaziona. Nilimwambia mke wangu, nikamwambia Mama Risiti ataziona hizi."

"Sasa kwa nini hukuandika unga?"

"Mwenye duka hakubali kuandika unga ambao hajauza. Anakuogopa. Na mimi niliapa."

Hee! Mtu amemficha mgonjwa asionwe na madaktari, na wizara, na mkurugenzi, wiki tatu nzima, lakini kuleta matumizi bila risiti ya kweli, hilo limemshinda. Mama Risiti hakujua acheke au ampige kibao. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliomba aonyeshwe chumba.

Mgonjwa alikuwa mwanamke mfyatua matofali, umri wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bwawa. Alikaa juu ya kitanda, mguu wa kulia umewekwa kwenye kiti, bandeji safi, na kutoka kwenye bandeji kijiti kidogo kilichozungushiwa kile cheupe. Kandambili mpya zilikuwa chini ya kitanda. Minyororo alikuwa akizungusha kijiti kila asubuhi, mzunguko mmoja, mnyoo utoke bila kukatika, kwa uangalifu wa fundi. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Hakuna muuguzi ambaye angeifanya vizuri zaidi.

"Wewe ndiye Mama Risiti?" mgonjwa aliuliza. "Basi afadhali umekuja mwenyewe. Mimi nilitoa taarifa siku ile ile. Bango lenu linasema atakayetoa taarifa ya mnyoo anapewa laki tano. Zangu ziko wapi?"

"Hukupewa?"

"Nimepewa sabuni."

Minyororo alikuwa amesimama mlangoni akitazama sakafu. Ilibidi aeleze, na alieleza. Kwenye mkutano wa mwisho wa wasimamizi, mkurugenzi alisimama akasema kwamba atakayemletea mnyoo katika miezi hii ya mwisho ajue kuwa amemwaga unga wa watu mia mbili. Mama Risiti alikuwepo. Aliyasikia maneno hayo na alikuwa akijumlisha nauli, hakunyanyua hata kichwa. Wiki mbili baadaye mfyatua matofali alibisha hodi kwa Minyororo na mguu wake. Minyororo alipiga hesabu yake. Atamlaza ndani, atamlisha, mnyoo utatoka wote, hatagusa maji, basi hakuna atakayeugua kwa ajili yake. Sifuri itabaki sifuri.

"Na hakugusa maji?"

"Hajagusa, mama, naapa. Tangu aingie humu hata kuoga anaogea beseni, na maji tunayamwaga mchangani, mbali."

"Huyu hajui kitu," mgonjwa alidakia. "Hakuniuliza ya kabla. Siku mbili kabla sijaja hapa nilikuwa nachota maji ya udongo. Nilisimama bwawani mpaka magotini. Mguu unawaka moto, ningefanyaje? Nikakaa humo humo mpaka ukapoa."

Watu mia sita wanakunywa maji ya bwawa lile. Wiki tatu zimepita, na kwa wiki tatu mtu yeyote aliyekunywa bila kuchuja amekunywa na kilichomo.

"Kwa nini hukuomba dawa ya bwawa?" Mama Risiti alimuuliza Minyororo, na sauti yake haikuwa ya ofisini tena. "Ungesema lolote. Ungesema tahadhari."

Minyororo alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Fomu ya dawa inataka namba ya mgonjwa, mama. Bila namba stoo haifunguliwi. Ni fomu yako."

Ilikuwa fomu yake kweli. Aliitunga miaka sita iliyopita, baada ya chupa kumi na mbili kupotea, na aliipenda kuliko fomu zake zote.

Alitoka akaenda kukaa garini. Alimtuma dereva akatafute chai, ingawa dereva hakutaka chai. Risiti ilikuwa ndani ya mkoba. Kipande cha karatasi tu, kidogo, kimeandikwa kwa kalamu inayoisha wino. Kukichana ni sekunde moja. Minyororo asingesema, mkewe asingesema, mgonjwa angelipwa laki tano zake kwa namna fulani na angenyamaza. Kitambaa cha kijani kilikuwa kwa fundi tayari. Alikasirika. Alimkasirikia mkurugenzi kwa domo lake, na Minyororo kwa woga wake, na yule mwanamke kwa mguu wake, halafu akajikasirikia mwenyewe kuliko wote, kwa kuwa miaka sita aliilinda stoo ya dawa mpaka dawa ikashindwa kutoka. Alilia kidogo. Kisha akapenga kamasi, akampigia mkurugenzi simu, akamweleza yote kwa mpangilio.

Mkurugenzi akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Watu wanne na mwenye duka."

"Sikiliza. Hizo risiti zikatae. Andika matumizi yasiyokubalika, akatwe mshahara, yaishe. Mgonjwa atapona tu."

"Na bwawa?"

"Tutatia dawa. Kimyakimya."

"Kwa namba ipi ya mgonjwa?"

"Jamani, mama! Weka namba yoyote!"

"Naweka moja, Dokta. Mgonjwa namba moja wa mwaka huu."

"Unajua unachokifanya? Ni miezi thelathini na sita upya. Wafadhili wataondoka. Na wewe mwenyewe cheti hutakiona, utakuwa umeshastaafu zamani."

"Kuhesabu najua. Ndiyo kazi mliyoniajiria."

Mkurugenzi alikata simu, na kwa wiki tano hakumsalimia. Taarifa ilikwenda wizarani siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na nakala yake. Mwenye ufunguo wa pili wa stoo hakuwepo kwa sababu Mama Risiti hakuwahi kuutengeneza, kwa hiyo alirudi mwenyewe mjini, akafungua, akatoa chupa, na Jumatano mchana dawa ikaingia bwawani mbele ya macho yake. Vitambaa vya kuchujia viligawiwa nyumba kwa nyumba, na majina ya waliokunywa maji ya bwawa yakaandikwa kwenye daftari wafuatiliwe mwaka mzima. Mfyatua matofali alipokea laki tano, akazihesabu mara mbili, akaweka dole gumba kwenye wino na kwenye karatasi. Minyororo alipewa barua ya onyo. Kazi hakufukuzwa, maana mgonjwa alisema mtu mwingine akikigusa kijiti chake atampiga tofali. Risiti ya kandambili ilihamishwa kutoka kifungu cha mbwa kwenda kifungu cha matunzo ya wagonjwa, ikagongwa muhuri, ikakubaliwa. Fomu ya dawa ilipunguzwa mstari mmoja. Mkaguzi wa makao makuu alipiga simu kuuliza uhamisho ule ni wa kifungu kipi na kipi, akajibiwa, akaridhika.

Ijumaa ilikuwa tarehe ya mwisho wa mwezi. Alifika nyumbani jua bado liko juu. Dada alikuwa sebuleni, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya stuli, anapiga pindo la gauni la kijani kwa mkono kwa sababu hakumwamini fundi.

"Ngapi?"

Mama Risiti alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Yalikuwa mengi na mazuri, na yalianza na samahani. Alipofungua mdomo lilitoka moja tu.

"Moja."

Sindano ilisimama. Wiki nzima watu walikuwa wakimuuliza maswali: nani anajua, kifungu kipi, kosa la nani, wafadhili watasemaje. Alisubiri la dada yake kuhusu sherehe.

"Umeshatoka kiasi gani?" dada aliuliza.

"Nusu. Labda zaidi kidogo."

"Nani anauzungusha?"

"Msimamizi wa kule. Kwa kijiti. Kila siku kidogo."

"Asivute."

"Havuti, dada. Ana mkono mzuri."

"Mgonjwa analia?"

"Nadhani, wakati mwingine."

Dada alilikunja gauni, akaliweka kando juu ya meza.

"Baba hakuwa mkatili, unajua? Watu walimsema sana. Alivuta kwa sababu nililia. Usiku kucha nilimwambia baba nitoe, baba nitoe. Alishindwa kunisikiliza zaidi." Alinyoosha mkono. "Nipe simu. Mpigie huyo."

Mama Risiti alipiga. Minyororo alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na alikuwa tayari anahema.

"Mama, risiti za wiki hii zote ninazo, zote, hata ya kiberiti..."

"Sitaki risiti," alisema Mama Risiti. "Mpe simu mgonjwa."

Akamkabidhi dada yake. Kulikuwa na kelele za kuhamisha simu kutoka mkono hadi mkono, kisha ile sauti kubwa ya bwawani ikasema halo.

"Halo, mwenzangu," dada alisema. "Hunijui. Mimi ndiye niliyevutwa. Lia kadiri unavyotaka, lakini usimwambie avute."